Fimbo ya Kumi na Tano

Sehemu ya Tisa

Mkono wa Naishorua ulikuwa bado umeikamata ile fimbo, pale pale tulipomwacha Jumamosi iliyopita: nyuma ya jengo la klabu ya gofu ya Miombo, Mikumi, saa mbili asubuhi, siku ya mwisho ya mashindano.

Kwa miaka kumi na moja kazi yake ya asubuhi ilikuwa hiyo hiyo. Alitandika shuka lake jekundu majanini, akazilaza fimbo za mdogo wake moja moja, akazifuta kwa kitambaa kibichi, akazitazama. Hakuzihesabu. Kwao Rudewa ng'ombe hawahesabiwi, hutazamwa. Aliyepotea huonekana kwa pengo lake, na mgeni huonekana kwa sura yake. Ndivyo alivyozijua fimbo za Naserian. Ile nene ya kuanzia. Ile yenye mkwaruzo wa Lusaka. Ile nyembamba ya kusukumia mpira shimoni. Kumi na nne, na zote alizijua kama mifugo ya baba yao.

Leo mgeni alikuwa amelala katikati yao.

Chuma kikuukuu namba saba, kichwa kimeliwa na kutu, mpini umezungushiwa kamba ya katani.

Wewe uliyeanza kusoma leo, jua haya tu. Naserian Kitashu ndiye bingwa. Kampala alishinda, Lusaka alishinda, Nairobi alishinda mara mbili. Akishinda na hapa Mikumi, nafasi ya kucheza Ulaya mwaka mzima ni yake. Naishorua ni dada yake mkubwa, kedi wake, mbeba begi lake. Na sheria ya gofu inamruhusu mchezaji fimbo kumi na nne, basi. Akianza kucheza na ya kumi na tano, anaongezewa mikwaju miwili shimo la kwanza na miwili shimo la pili. Katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Minne ni msiba.

Naishorua hakuhitaji kuuliza nani ameileta. Jana mama yao, Nairesiae, alifika kutoka Rudewa na kibuyu cha maziwa, akalinyunyizia begi baraka huku midomo ikicheza. Kumbe alikuja na kingine chini ya shuka. Hii ndiyo fimbo ya kwanza kabisa, ambayo yeye na Naserian, walipokuwa wasichana wakiuza maziwa kwenye shamba la katani la Kimamba, walipewa na Mzee Yohana, mtunza uwanja wa gofu wa pale, ili waache kumsumbua. Mama alikuwa ameining'iniza ukutani miaka yote hiyo.

"Yeyo naye," Naishorua alisema peke yake, akimwita mama kwa Kimaasai, akacheka kidogo. Akainyanyua ili akaifiche stoo.

"Dada, iache hiyo."

Alikuwa Bonifas, meneja wa Naserian, mwenye miwani myeusi na simu mbili. Nyuma yake alisimama kijana mrefu aliyevaa kofia mpya ya mdhamini.

"Huyu ni Yeremia, kedi wa kulipwa, ametoka Arusha. Kuanzia leo begi anabeba yeye."

"Kuanzia leo? Leo ni fainali."

"Ndiyo maana."

Bonifas aliinama, akaikwapua ile fimbo mkononi mwake, akazikusanya zote kwa mafungu kama mtu anayeokota kuni, akazitumbukiza begini.

"Subiri," Naishorua alisema. "Hiyo moja si..."

"Dada, nimesema iache. Ukitaka maneno, nenda kwa mdogo wako."

Akaenda.

Naserian alikuwa mbele ya jengo, amezungukwa na watu, anahojiwa na Aneth wa televisheni. Shati lake lilikuwa jeupe bila kunyanzi. Alipomwona dada yake anakuja hakusita hata kidogo, alizidi kutabasamu.

"Watazamaji wanauliza," Aneth alisema, "ni kweli dada yako naye alicheza?"

"Alicheza. Na alikuwa anapiga mbali kuliko mimi, siwezi kusema uongo." Naserian aliwageukia watu. "Kule Kimamba hatukuwa na majani ya kusukumia mpira. Mchanga umemwagiwa oili chafu, unafagia njia kwanza ndipo unasukuma. Sasa siku ya fainali, nafasi ni moja tu ya kwenda kusomea mchezo, na tumebaki mimi na yeye. Shimo la mwisho. Dada anatakiwa kusukuma futi mbili."

"Mbili?"

"Mbili, Aneth. Hata wewe na viatu vyako hivyo ungeingiza. Kafagia, kasimama, mkono ukamtetemeka, mpira ukapita pembeni kama mbuzi anayekwepa josho."

Watu wakacheka.

"Mungu alimpa mabega, moyo akasahau kumpa. Kwa hiyo mimi napiga, yeye anabeba."

Wakacheka tena, safari hii kwa muda mrefu. Mtu mmoja alimpiga Naishorua begani kwa huruma, kama anavyopigwa punda aliyefika.

Miaka kumi na minne Naishorua alikuwa ameisikia hadithi ya futi mbili. Alikuwa ameisikia jikoni, ndani ya ndege, mezani kwa wageni. Hakuwahi kuisikia mbele ya kamera.

Hata hivyo alisogea. Msomaji, tumpe haki yake: alisogea.

"Naserian. Kuna kitu kwenye begi. Nisikilize dakika moja."

"Begi lina mtu wake."

"Ni jambo la sheria. Nime..."

"Dada." Sauti ya Naserian ilikuwa tamu, kwa ajili ya kamera. "Miaka kumi na moja nakubeba na wewe unafikiri unanibeba. Mdhamini hataki shuka kwenye picha. Nenda ukakae na mama kivulini, mnywe soda." Kisha, kama aliyekumbuka kitu kidogo: "Bonifas, chukua na fulana."

Fulana ya kedi ilikuwa na jina mgongoni, KITASHU, kwa herufi kubwa nyeupe. Naishorua aliivua pale pale, akabaki na gauni lake. Ilinasa kwenye shanga za shingoni, akahangaika nayo huku kichwa kimefunikwa, na kamera haikugeuzwa pembeni.

Alipotoka ndani yake nywele zilikuwa zimevurugika.

"Yeyo hujamsalimia tangu jana," alisema.

"Nitamsalimia nikishinda."

Zilibaki dakika kumi mchezo uanze. Yeremia alimfuata Naishorua kwenye bomba la maji, begi begani. Alikuwa na sura ya mtu asiyependa alichotumwa.

"Shikamoo dada. Samahani kwa yale. Mimi nimeitwa tu, sikujua kama ingekuwa vile."

"Marahaba."

"Nikuulize kitu kimoja. Begi umeshalikagua? Liko sawa?"

Maji yalikuwa yanatiririka juu ya mikono ya Naishorua. Aliyatazama mpaka yakapoa kabisa. Aliwaza kuwa kijana huyu hatazitazama fimbo moja moja. Hana sababu. Atauliza, atajibiwa, ataamini. Aliwaza mpira unaopita pembeni kama mbuzi.

"Liko sawa," alisema. "Nimelikagua."

"Asante sana, dada."

Basi. Hakuna radi iliyopiga.

Naserian alianza siku akiwa mbele kwa mikwaju miwili. Aliyemfuata, na aliyecheza naye leo, alikuwa Yusrah, msichana wa Tanga, mpole, asiyeongea akicheza. Shimo la kwanza Naserian alilimaliza vizuri. Miwili, Naishorua alisema moyoni. Shimo la pili alilimaliza vizuri zaidi, watu wakapiga makofi. Minne. Sheria haizidishi zaidi ya hapo. Deni lilikuwa limeshakamilika na mwenye deni hakuwa na habari.

Naishorua alitembea nje ya kamba pamoja na mama yao. Nairesiae alikuwa mwembamba, amenyooka, kibuyu mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha kuuza maziwa na kununua chumvi, hivyo na binti zake aliongea Kimaasai.

"Kwa nini wewe uko huku na yeye yuko kule?"

"Leo napumzika, Yeyo."

"Umezihesabu fimbo zake? Usizihesabu. Utaleta balaa."

"Sikuzihesabu."

Mama alimsogelea, akiona fahari kama mtoto. "Nimemwekea ile ya Kimamba. Nimeisukuma chini kabisa. Watu hawa wote wageni, nikasema asiende bila kitu cha kwao."

"Umefanya vizuri, Yeyo," Naishorua alisema, na alipolisema hilo ndipo alipoonja uchungu wa uongo wake wa asubuhi ile. Si kwa Naserian. Kwa huyu.

Angeweza bado kumwita mwamuzi. Mashimo ya tatu, ya nne, ya tano yalipita, na kila moja alijiambia linalofuata. Lakini kila Naserian alipopiga mpira mzuri mtu fulani nyuma yake alisema, "Huyo ndiye mwenye moyo," na miguu ya Naishorua ikaendelea kutembea.

Ikafika shimo la kumi na moja.

Hapo mpira wa Naserian ulikaa mita mia moja arobaini kutoka shimoni, upepo ukitoka upande wa milimani. Naishorua angemkabidhi namba saba kabla hajaomba. Yeremia alikuwa bado na kifaa chake cha kupimia jichoni, anafumba na kufumbua. Naserian akachoka kumngoja. Akapeleka mkono begini mwenyewe, macho yakiwa kwenye bendera, akavuta.

Ikatoka kamba ya katani.

Naishorua aliiona kutoka mbali. Ilikuwa nyeupe kuelekea njano, na hakuna kitu kingine cha rangi hiyo uwanja mzima.

Naserian aliitazama. Kwa nusu dakika hivi alikuwa tena msichana wa miaka kumi na tano aliyesimama kwenye mchanga wenye oili, miguu peku. Sheria ilikuwa wazi na aliijua kuliko Biblia: ukiigundua, unamwita mwamuzi hapo hapo, unaitoa, unakubali mikwaju yako minne. Ukiigundua ukanyamaza, huchezi tena. Unatolewa, na jina lako linabaki limetolewa.

Alitazama kulia. Yusrah alikuwa akifunga kamba ya kiatu. Alitazama kushoto. Yeremia alikuwa bado anapima.

Akairudisha. Akaisukuma mpaka chini, akaifunika juu kwa taulo.

Ndipo alipoinua macho na kukutana na macho ya dada yake, ng'ambo ya kamba.

Alijua. Dada yake naye alijua. Na kila mmoja ametambua kuwa mwenzake anajua. Yote hayo yalipita kati yao bila neno, kama yalivyopita mengi walipokuwa wakilala ngozi moja. Naserian akachukua namba saba yake halisi, akapiga. Mpira ulitua futi sita kutoka shimoni. Makofi yalisikika mpaka barabara kuu.

Mashimo mawili baadaye, akijifanya anaomba maji, alifika kwenye kamba.

"Wewe ndiye uliyeiacha," alisema kwa Kimaasai bila kusogeza midomo.

"Na wewe ndiye uliyeirudisha."

"Dada, sikiliza. Wiki ijayo Yeremia anaondoka. Begi ni lako. Ulaya twende wote. Nitasema kwenye kamera kwamba bila wewe nisingefika."

"Utasema na ile ya futi mbili?"

Naserian alimtazama kama hajaelewa swali, na kweli hakuwa amelielewa. "Ile ni utani tu. Watu wanaipenda." Akarudisha chupa. "Ninyamazie, dada. Ni mashimo matano tu."

Alishinda kwa mikwaju mitatu.

Mpira wa mwisho ulipodumbukia watu waliruka kamba. Bonifas alilia kwenye simu zote mbili. Yusrah alimkumbatia bingwa kwa adabu, akashika nafasi ya pili. Aneth alitangaza kwamba binti wa Rudewa anakwenda Ulaya.

Lakini gofu haiishii uwanjani. Inaishia mezani, kwenye karatasi. Mpaka mchezaji atie saini kadi yake, hakuna mshindi.

Chumba cha kadi kilikuwa kidogo, mlango wazi, begi la Naserian limeegemezwa ukutani kwa nje. Ndani alikaa mwamuzi mkuu, Selestina, mama mtu mzima wa Morogoro mwenye miwani ya kamba, ambaye hakuna mchezaji aliyewahi kumwona akicheka. Yusrah, aliyeandika alama za Naserian, alizisoma shimo kwa shimo, akatia saini yake, akasogeza kadi.

"Hakiki, kisha weka saini," Selestina alisema. "Kuna jambo lolote la sheria kwenye raundi yako?"

"Hakuna," Naserian alisema. Akachukua kalamu.

Hapo ndipo Nairesiae alipoingia.

Alikuwa na haraka. Gari la Kilosa lilikuwa linajaza abiria na hakutaka kulala ugenini. Alisimama mlangoni, akasubiri asalimiwe. Selestina akainuka kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, kwa unyenyekevu wote: "Naomba fimbo yangu. Nakwenda nyumbani."

"Fimbo gani, mama?"

"Yangu. Nilimpa mtoto. Iko ndani."

"Yeyo, toka," Naserian alisema.

Lakini mama alikuwa ameshageukia begi. Hakuhangaika, alijua mahali alipoiweka. Alitoa taulo, akapitisha mkono mpaka chini, akaitoa, akaifuta kutu kwa upindo wa shuka lake na kuwaonyesha wote, akitabasamu. Fimbo iliyomletea mwanawe ushindi.

Hakuna aliyetabasamu naye.

Selestina alitoka nje. Alizitoa fimbo nyingine moja moja, akazilaza sakafuni, akizihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Mama aliziba masikio kusikia vitu vya mwanawe vikihesabiwa hivyo. Kumi na tatu. Kumi na nne. Na ile mkononi mwa mama.

"Kumi na tano," Selestina alisema. "Ni mikwaju minne. Yusrah anaongoza kwa mmoja."

Yusrah aliketi polepole kwenye kiti.

"Sikujua," Naserian alisema haraka. Kalamu ilikuwa bado vidoleni. "Mikwaju minne sawa, naikubali. Lakini sikujua. Huyu ni mama yangu, mtu wa porini, hata kusoma hajui. Ametia vitu vyake humo kama gunia."

Mama alisikia neno mama. Akaitikia kwa kichwa, kukubali.

"Nani aliandaa begi?" Selestina aliuliza.

Yeremia akageuka. Bonifas akageuka. Wote wakamtazama mwanamke aliyesimama kwenye jua kali nje ya mlango, bila fulana.

"Mimi," Naishorua alisema.

"Uliiona?"

"Niliiona asubuhi. Kijana akaniuliza kama begi liko sawa, nikamwambia liko sawa."

Yeremia alivua kofia yake.

"Kwa nini?"

Naishorua aliitazama ile fimbo mkononi mwa mama. Selestina akauliza lile ambalo lilikuwa kubwa kuliko yote, kwa sauti ile ile ya kusoma kadi.

"Na mchezaji? Kuna wakati wowote uwanjani aliiona fimbo hii akaendelea kucheza? Fikiri kwanza. Asiyejua ameshika nafasi ya pili, anakwenda nyumbani, mwakani anarudi. Aliyejua harudi."

Naserian aliiweka kalamu mezani. Kwa mara ya kwanza siku ile alimwita dada yake kwa jina la utotoni, lile ambalo mama pekee alikuwa bado analitumia. Akaongeza kwa Kimaasai, taratibu, "Sema hukuona. Hakuna anayenipenda kama wewe. Sema hukuona."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyouma. Miaka kumi na minne iliyopita, wiki nzima kabla ya fainali ya Kimamba, Naserian alikuwa amelia kwamba akibaki kuchunga atakauka kama kuni. Naishorua hakulia. Aliufagia mchanga vizuri, akaona njia imenyooka mpaka shimoni. Mkono wake haukuwahi kutulia kama ulivyotulia siku ile.

Aliingia ndani ya kile chumba. Mama akamshika mkono na kumuuliza watu hawa wanasema nini, mbona fimbo yake wameikodolea macho. 

Naishorua hakumtazama mwamuzi. Alimtazama mdogo wake, akaongea kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie.

"Zile futi mbili sikuzikosa, Naserian. Nilikupa. Nimebeba begi lako na kicheko cha watu miaka yote hii, na siku nzima leo nimetembea nyuma ya kamba nikiomba ushindwe. Shimo la kumi na moja uliitoa fimbo hii ukairudisha, nami niliona." Akauachia mkono wa mama yake. "Siku ile nilikupa. Leo sikupi."